Ndege ya rimoti ya umeme inayokimbia: kuifunga, kuipima na kuirusha bila kuumiza mtu

Leo siasa na Ligi Kuu tunaviweka pembeni kidogo. Vijana wa hapa Sofu, Picha ya Ndege na Maili Moja wanauliza kila siku kuhusu zile ndege ndogo za umeme wanazoziona kwenye video, zinapita kama risasi halafu jamaa anatua kwenye majani kama hakuna kilichotokea. Je, na sisi tunaweza? Jibu ni ndiyo, ila kuna utaratibu wake.

Makala ni ndefu, kwa hiyo kama upo kafe na dakika zako zinaisha, nenda moja kwa moja namba 2 (sheria) na namba 5 (betri). Hizo mbili ndizo zinazoweza kukupeleka mahabusu au kuchoma nyumba ya mzee. Zingine utazisoma kesho.

1. NI NDEGE GANI TUNAYOIZUNGUMZIA

Siyo ile ya plastiki ya dukani inayoruka dakika mbili halafu inagonga mwembe. Na siyo droni ya mapanga manne inayosimama hewani yenyewe ukiachia stiki. Hii ni ndege yenye mabawa, ukiachia stiki inaendelea kwenda ilikoelekea. Mabawa yake kama sentimita 80 kutoka ncha hadi ncha, uzito kama gramu 600, mota moja ya umeme, na mwendo wa kilomita 100 hadi 140 kwa saa. Zipo kubwa na za kasi zaidi ya hapo, lakini kwa anayeanza kukimbia hii inatosha na kubaki.

Ndege ndogo za umeme siyo jambo la jana. Mwingereza Kanali H. J. Taplin alirusha ndege ya umeme ya kuongozwa kwa redio mwaka 1957. Shida ya miaka ile ilikuwa betri, nzito kama tofali na nguvu kiduchu. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, betri za lithiamu na mota zisizo na brashi ziliposhuka bei. Tangu hapo umeme umekimbia hata kwenye ndege za watu: Novemba 2021 ndege ya Rolls-Royce iitwayo Spirit of Innovation, yenye rubani ndani, ilifikisha wastani wa kilomita 555.9 kwa saa kwenye umbali wa kilomita 3. Umeme tupu, bila tone la mafuta.

Na usidhani ni mambo ya wazungu tu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha za ramani kutoka angani, Unguja na Pemba yote, kwa ndege ndogo za umeme aina ya eBee. Ile eBee ni povu gumu, ina mabawa ya sentimita 96 na uzito kama gramu 700, inarushwa kwa mkono. Yaani ni binamu kabisa wa hii tunayoizungumzia, tofauti ni kwamba yake haina haraka na ina kompyuta kichwani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walikuwa kwenye kazi ile pamoja na Kamisheni ya Ardhi, COSTECH na Benki ya Dunia. Halafu 2018 ndege ya umeme ya Wingcopter ilikuwa inapeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria: kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa njia ya barabara ni kama kilomita 240 na saa sita.

2. SHERIA KWANZA, NDEGE BAADAYE

Hapa ndipo wengi wanaruka haraka haraka. Tanzania, chombo chochote kinachoruka bila rubani ndani kinaangaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Kuna kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018. Usajili na kibali ni vya TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika kwenye kibali. Zanzibar ina taratibu zake za ziada, kibali cha Bara usidhani kinatosha kule.

Utasema "mi yangu ni toi tu". Mwambie hivyo afisa wa TCAA KABLA hujanunua, siyo askari baada ya kukamatwa. Andika barua au barua pepe, eleza uzito, mabawa, kama ina kamera au haina, na unataka kurushia wapi. Ukijibiwa, tunza jibu kwa maandishi. "Nilimpigia jamaa akasema poa" siyo kibali. Na usiagize kitu kutoka nje kabla ya kuuliza, manake mzigo ukizuiwa forodhani gharama ni zako.

Kwa sisi wa Kibaha kuna jambo la ziada. Wilaya yetu ina maeneo ya jeshi, na Nyumbu kila mtu anaijua. Kitu kinachopita juu ya ukuta wa jeshi kwa kilomita 120 kwa saa hakuna atakayekaa kuuliza kama ni toi. Kaa mbali kabisa. Na kamera usifunge. Ndege ya kasi haihitaji kamera, na picha za juu ndizo zinazoleta maswali mengi zaidi.

Ukipata ruhusa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mwenye eneo. Mwonyeshe karatasi, mwamkie vizuri, mweleze siku na saa. Hiyo shikamoo ya dakika tano inaokoa mengi.

3. VITU VINAVYOHITAJIKA, NA HESABU ZAKE

Usinunue kimoja kimoja kwa kuvutiwa na picha. Vitu hivi vinategemeana, ukikosea kimoja kingine kinaungua.

- Mwili wa ndege: povu gumu. Lile jeupe la kwenye maboksi ya TV linavunjika upesi. La kurudi lenyewe ukilibonyeza ndilo zuri. Ndani ya bawa kuwe na fimbo ya kaboni, bila hiyo bawa linajikunja ukivuta kona.
- Mota isiyo na brashi, ina waya tatu.
- Kidhibiti mwendo: kile kibati kati ya betri na mota. Kinapimwa kwa ampea.
- Propela.
- Sevo mbili hadi nne za gramu 9, bora za meno ya chuma.
- Rimoti ya masafa ya 2.4 GHz na kipokezi chake.
- Betri ya lithiamu (LiPo) na chaja yenye kusawazisha seli.

Sasa hesabu, na usiogope, ni za kidato cha pili. Kwenye mota kuna namba inaitwa KV. Maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti 1, mota ikiwa haina mzigo. Chukua mota ya KV 2200 na betri ya seli tatu (volti 11.1):

2200 × 11.1 = mizunguko 24,420 kwa dakika.

Ukishafunga propela mizunguko inashuka, piga kama 19,000. Propela nayo ina namba mbili, mfano 6x5. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni hatua: propela ingesogea mbele inchi ngapi kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye siagi. Mwendo wa propela kwa kilomita kwa saa ni:

mizunguko × hatua × 0.001524

19,000 × 5 × 0.001524 = kama 145.

Ndege yenyewe haitafika 145 ikiwa inaenda sawa, hewa inaizuia. Tarajia pungufu ya hapo, 120 au 130 kwa mwili mwembamba. Ndo maana mtu anayefunga propela kubwa akidhani atapata kasi anashangaa: kipenyo kikubwa kinaleta mvuto, HATUA ndiyo inayoleta kasi. Na ukiongeza vyote viwili mota inakula ampea nyingi mpaka inaungua.

Nguvu: tuseme mota inavuta ampea 30. Volti 11.1 × 30 = wati 333. Kwa ndege ya gramu 600 hiyo ni zaidi ya wati 500 kwa kilo, nguvu ya kutosha sana. Kidhibiti mwendo usichukue cha ampea 30 kamili, chukua cha 40. Joto letu la Pwani halina huruma na vifaa vinavyofanya kazi ukingoni.

Muda: betri ya mAh 1500 ni ampea 1.5 kwa saa nzima. Ukivuta 30 mfululizo itaisha kwa dakika 3. Na hutakiwi kuimaliza, unatumia asilimia 80 tu, yaani dakika 2 na sekunde 24. Ukipunguza mwendo hapa na pale utapata dakika nne. Weka kengele ya rimoti kwenye dakika 3. Ikilia, unatua. Hakuna "raundi ya mwisho".

4. KUIFUNGA

KANUNI YA MEZANI: propela haifungwi mpaka kila kitu kimekwisha. Mota ndogo hii ikiwaka ghafla mezani inakata vidole, siyo utani.

Waya za mota na kidhibiti zipigwe lehemu vizuri, zing'ae. Kama mkono wako hautulii mpelekee fundi redio, ni kazi ya dakika kumi. Mota ikizunguka kinyume, badilisha waya mbili zozote kati ya zile tatu. Basi. Waya za betri usizibadilishe kamwe, nyekundu kwa nyekundu, ukigeuza kidhibiti kinakufa hapo hapo na moshi juu.

Funga sevo kwa gundi ambayo haili povu. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha takataka, manake gundi nyingine kali zinayeyusha povu kama sukari kwenye chai. Waya za chuma zinazotoka kwenye sevo kwenda kwenye vibawa ziwe fupi na ngumu. Shika kibawa kwa vidole ukitingishe: kikicheza hata kidogo, rekebisha. Kwenye mwendo mdogo kulegea huko hukioni, lakini kwenye kilomita 120 kibawa kinaanza kutetemeka, mtetemo unaongezeka wenyewe, na ndani ya sekunde moja bawa limechanika. Sauti yake ni kama nyuki mkubwa. Ukiisikia, punguza mwendo pale pale.

MSAWAZO. Hili ndilo jambo moja kubwa kuliko yote. Kwa ndege yenye bawa lililonyooka na mkia wa kawaida, sehemu ya kubalansi iwe kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa sentimita 16, hiyo ni sentimita 4 hadi 4.8. Weka alama kwa kalamu chini ya bawa, iweke ndege kwenye vidole viwili, betri ikiwa ndani. Isimame sawa, au pua ishuke kidogo. Kama mkia unashuka sogeza betri mbele. Ndege yenye pua nzito inasumbua. Yenye mkia mzito haiongozeki kabisa. Ndege ya bawa tupu isiyo na mkia inasawazishwa mbele zaidi, soma karatasi ya mtengenezaji.

Kipimo cha kusogea kwa vibawa: kwa ndege ya kasi, kidogo ni kingi. Anza na milimita 5 juu na 5 chini kwa vibawa vya ubavuni, na 4 kwa eleveta. Rimoti nyingi zina sehemu ya kulainisha stiki katikati, weka asilimia 30.

Mwisho, simama NYUMA ya ndege na usukume stiki kulia. Kibawa cha kulia lazima kipande, cha kushoto kishuke. Vuta stiki ya eleveta kwako, eleveta ipande. Vibawa vilivyogeuzwa vimeua ndege nyingi duniani kuliko upepo. Mwambie mwenzako naye aangalie, jicho la pili halilipwi.

5. BETRI, SOMA POLEPOLE

Betri ya LiPo ni nguvu nyingi ndani ya mfuko laini. Seli moja ikijaa ni volti 4.2. Ikifika 3.5 unatua. Ikishuka chini ya 3.0 imeharibika. Ikizidishwa juu ya 4.2, au ikitobolewa, inavimba, inatoa moshi na inawaka moto ambao haupulizwi kwa mdomo.

- Chaji kwa ampea sawa na ukubwa wake: mAh 1500 kwa ampea 1.5. Inachukua kama saa moja.
- Chomeka na ule waya mdogo mweupe wa kusawazisha, kila mara.
- Usichaji ukiwa umelala, umetoka, au ukiwa kafe unasoma blogu. Kaa nayo.
- Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya sufuria kuukuu, mbali na godoro, pazia na mafuta ya taa. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu.
- Iliyovimba haitumiki. Mdondoko mkali? Iweke nje peke yake, iangalie kwa nusu saa.
- Kama hurushi wiki hii, iache kwenye volti 3.8 hivi kwa seli. Kuiacha imejaa kunaizeesha.
- Usiiache kwenye jua wala ndani ya gari lililofungwa. Mwezi wa Februari hapa kwetu gari ni tanuri.

Umeme umekatika? Chaja nyingi za aina hii zinakubali volti 12, kwa hiyo betri ya gari au ya sola inafaa. Angalia maandishi ya chaja kwanza.

Na kuhusu kuagiza: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu peke yake haziruhusiwi kama mizigo ya kawaida kwenye ndege za abiria. Ndo maana wauzaji wengine wanakataa kuzituma. Mjomba akitoka Dubai anaweza kubeba kwenye begi la mkononi, siyo kwenye begi kubwa linaloenda chini. Ukomo wa kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na hii yetu ni 11.1 × 1.5 = kama 17 tu. Azibe ncha za waya kwa selotepu na aulize shirika lake kwanza.

6. UWANJA NA UPEPO

Piga hesabu nyingine. Kilomita 130 kwa saa ni mita 36 kwa sekunde. Ukipiga chafya mara moja na kufuta macho, sekunde tatu, ndege imeshakwenda mita 108. Kwa hiyo uwanja wa mpira hautoshi, unahitaji kama mita 300 kwa 200 zilizo wazi.

Na sasa ile hesabu ambayo nataka kila mmoja aikariri. Gramu 600 kwa mita 36 kwa sekunde ni nguvu ya kugonga kama jouli 390. Hiyo ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukidondoka kutoka urefu wa sentimita 80. Sasa uweke mfuko huo kwenye pua ya propela, halafu fikiria watoto wanaokuja mbio kila wakiona kitu kinaruka. Mnajua wenyewe, Sofu ukitoa hata tiara dakika tano watoto ishirini wameshafika. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kubwa kuliko pesa na kuliko sheria. Kama huna mtu wa kushika watoto mstari mmoja NYUMA yako, haurushi siku hiyo.

Eneo zuri: shamba lililovunwa au mbuga wazi, majani mafupi, hakuna nyaya za umeme, hakuna njia ya bodaboda inayokatiza. Mikorosho na minazi iwe nyuma yako, siyo mbele. Mbali na Barabara ya Morogoro. Mbali na reli ya SGR pia: nyaya zake za juu zina volti 25,000, ndege ikining'inia pale isahau, usitupe hata jiwe kuitoa.

Saa nzuri ni asubuhi, saa 12 na nusu mpaka saa 3. Hewa imetulia na jua halijakali. Mchana upepo wa bahari unaingia na joto la ardhi linarusha ndege juu chini. Miezi ya kusi upepo unaweza kusumbua hata mapema. Ukiona majani ya mnazi yanapepea mfululizo, rudi nyumbani ukanywe chai.

7. UKAGUZI KABLA YA KURUSHA

Andika kwenye karatasi, bandika kwenye boksi la rimoti:

1) Washa RIMOTI kwanza, betri ya ndege baadaye. Kuzima ni kinyume: betri kwanza.
2) Stiki ya mwendo iko chini kabisa.
3) Vibawa vinakwenda upande sahihi.
4) Betri imefungwa kwa mkanda, haisogei hata ukiigeuza ndege.
5) Propela imekaza, haina ufa.
6) Jaribio la umbali: rimoti kwenye nguvu ndogo, tembea hatua 30, vibawa viendelee kutii.
7) Jaribio la kupotea mawasiliano: mwenzako ashike ndege kwa nguvu kutokea nyuma, washa mota kidogo, zima rimoti. Mota LAZIMA isimame. Isiposimama, ndege hairuki.
8) Tazama juu na pande zote. Watu, ng'ombe, helikopta.

8. KURUSHA, KUGEUZA, KUTUA

Bawa linabeba ndege kama hewa inapita kwa kasi ya kutosha. Kwa ndege yetu ya gramu 600 na bawa la desimita za mraba 12, chini ya kilomita 35 kwa saa hivi bawa linaachia na ndege inaanguka. Mkono wa mtu unarusha kama kilomita 30. Umeona tatizo? Ndiyo maana unarusha KUELEKEA upepo: upepo wa kilomita 10 unajazia, hewa juu ya bawa inakuwa 40, umevuka.

Mrushaji awe mwingine, wewe mikono yote kwenye rimoti. Mota kwenye nusu mpaka theluthi mbili, siyo yote, manake mota kubwa kwenye ndege ndogo inaipindua kushoto. Mabawa sawa, pua juu kidogo tu, asukume kwa nguvu kama mkuki na siyo kama jiwe. Kama propela iko nyuma, mota iwashwe baada ya ndege kutoka mkononi, vinginevyo ni vidole.

Panda mpaka mita 50 hivi, punguza mwendo, rekebisha mpaka iende sawa ukiachia stiki. Nchi nyingi zinaweka ukomo wa mita 120 kwenda juu; ndege ndogo hivi huwezi hata kuiona vizuri huko. Halafu ruka kwa mstari mmoja mbele yako, kushoto kwenda kulia, isipite nyuma wala juu ya vichwa.

Kona: lalia ubavu kwanza, halafu vuta eleveta taratibu. Ukilalia nyuzi 60 bawa linabeba uzito mara mbili, na ile 35 ya kuachia inakuwa kama 49. Ukivuta kwa hasira ndege inajipindua na kuingia ardhini na mota inalia. Ikikutokea uko juu: achia eleveta, nyoosha mabawa, ndipo uvute.

Kutua: anza mbali, mita 150 au 200, kuelekea upepo. Zima mota, iache iteleze. Usivute pua juu kuinusuru, unamaliza kasi. Ishushe pua kidogo, ikifika mita 1 inyooshe, ikae kwenye majani yenyewe. Ukiona imekwenda mbali, sawa, utatembea. Kutembea ni bure.

9. DALILI NA DAWA

- Inapanda na kushuka kama punda mkorofi: mkia mzito, sogeza betri mbele.
- Inavuta upande mmoja mwendo ukiongezeka: bawa limepinda, litazame kutokea nyuma.
- Mota inakata katikati: betri imechoka au kidhibiti kinapata joto. Gusa vyote baada ya kutua. Usipoweza kushika kwa sekunde tatu, punguza propela.
- Betri inavimba kila safari: unavuta zaidi ya uwezo wake.
- Hujui ndege inakuja au inaenda: bandika selotepu nyeusi chini na rangi kali juu.

10. MASWALI MNAYOULIZA SANA

Naweza kuanza na hii moja kwa moja? Hapana. Anza na kompyuta. CRRCSim na PicaSim ni programu za bure za kujifunzia kurusha, muombe mwenye kafe akuruhusu kuiweka. PicaSim ipo hadi kwenye simu. Saa kumi za kuanguka kwenye kioo hazina gharama. Kisha ndege ya polepole yenye bawa juu ya mwili. Ya kasi ni ya tatu.

Tunaweza kuchangishana? Ndiyo, na ndiyo njia nzuri. Watu wanne, ndege moja, rimoti moja, zamu. Mmoja anarusha, mmoja anatupa, mmoja anaangalia anga, mmoja anashika watoto.

Ina faida gani maishani, au ni mchezo tu? Anza kama mchezo. Lakini aliyejifunza msawazo, betri na upepo kwa mikono yake hashangai akikutana na eBee ya ramani. Rwanda tangu 2016 ndege za umeme za Zipline zinarushwa kwa manati na kudondosha damu hospitalini kwa miavuli. Vijana wanaozichomeka betri na kuzikagua kila asubuhi wanatumia orodha kama ile ya namba 7, yao ndefu tu zaidi. Hapa nyumbani Zanzibar na Ukerewe zimeshaonyesha njia. Kazi hizo hazitakwenda kwa mwenye ndege ya kasi kuliko wote mtaani. Zitakwenda kwa mwenye karatasi ya kibali, daftari la safari zake, na mtaa ambao haujawahi kulalamika.

Kama una swali la hesabu, weka hapo chini na namba zako: KV, volti, propela na uzito. Bila namba siwezi kusema kitu. Na mwenye uzoefu wa kuandikiana na TCAA atupe mwanga, tafadhali.

Nawasilisha.